Vidole Havifuati Sauti: Je, Video za Zamani za Jazz ni Feki?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 22, nakaa Bagamoyo, napiga saksafoni alto kwenye bendi ya tarumbeta, harusi na shughuli nyingine. Huu ni mwaka wa pili. Kwenye bendi hakuna mwingine anayejua saksafoni, kwa hiyo mwalimu wangu ni simu. Usiku navaa visikizio vya Bluetooth, nafungua video za wapiga saksafoni wa jazz wa Marekani, Charlie Parker, Coleman Hawkins na wenzao, nasimamisha, naangalia vidole, naiga. Shida ni kwamba vidole haviendani na sauti, na nikibonya kama wanavyobonya inatoka nota nyingine kabisa. Rafiki yangu mpiga kinanda anasema wimbo mmoja umeandikwa B flati, lakini kwenye video uko karibu na B. Kuna video nyingine ambayo bendi nzima inapiga kwa mkono wa kushoto. Mwenzangu mmoja anasema vyote hivi vimetengenezwa na akili bandia na nimepoteza muda. Je, video ni feki, au mimi ndiye sijui? Halafu kidole gumba cha kulia kimeanza kuuma, nadhani ni kwa kuiga vibaya."

Marahaba, kijana wangu. Umefunga maswali kadhaa kwenye furushi moja, nami nitayafungua moja moja. Nianze na lile linalokuuma kuliko kidole: hujapoteza muda, na video hizo si feki kwa maana anayoisema mwenzako. Watu wale walisimama kweli mbele ya kamera na ala zao mikononi. Ila mtu kusimama mbele ya kamera ni jambo moja. Sauti unayoisikia kuwa imetoka kwenye ala ile, dakika ileile, na kukufikia kwa kasi ileile, ni jambo jingine kabisa.

Akili bandia niimalize haraka. Video za kutungwa na kompyuta zipo, na zinaongezeka. Zitazame kwenye vitufe vya ala: mpiga akigeuka, vitufe huyeyuka, huhama au hubadilika idadi. Lakini vidole kutofuata sauti si ushahidi wa akili bandia. Ukitumia kipimo hicho, utazitupa nusu ya picha za jazz za miaka ya 1940, zilizopigwa kabla kompyuta haijaingia nyumbani kwa mtu yeyote.

Sababu ya kwanza unaijua vizuri, sema hukuitegemea kwa watu wakubwa kama wale: pleibeki. Msanii wa Bongo Fleva akienda kupiga video ufukweni hapo Bagamoyo, haimbi mbele ya kamera ili sauti ichukuliwe. Wimbo umeshamalizwa studio. Pale unachezwa kwenye spika, naye anachezesha midomo. Wapiga jazz walifanya hivyohivyo, na kwa sababu ya msingi. Kamera za filamu zilikuwa na kelele, taa zilikuwa za moto, na mwongozaji alitaka kupiga tukio lilelile mara kadhaa kutoka pembe tofauti. Sasa fikiria mtu anayebuni solo papo hapo. Ukimwambia arudie, hatarudia, atapiga nyingine. Basi njia iliyokuwa rahisi ni kurekodi sauti kwanza, kisha kuwaita wapigaji waigize juu ya sauti yao wenyewe. Mwimbaji anaweza kuigiza wimbo wake vizuri sana kwa sababu anajua maneno. Mpiga saksafoni aliyebuni solo jana hakumbuki kila nota aliyoipita, kwa hiyo vidole vyake vinafuata mwendo wa jumla, juu kunapopanda na chini kunaposhuka, na katikati anababaisha.

Mfano mkubwa ni Soundies, filamu fupi za takriban dakika tatu zilizotolewa Marekani kuanzia mwaka 1940 hadi katikati ya muongo ule. Zilichezwa kwenye mashine iliyoitwa Panoram, iliyowekwa kwenye baa na mikahawa. Unatumbukiza senti kumi, unatazama wimbo mmoja. Louis Armstrong, Fats Waller, Duke Ellington na Nat King Cole wote walipiga humo. Sauti ilirekodiwa mapema, picha ikafuata.

Na hapohapo kuna jibu la bendi yako ya mikono ya kushoto. Ndani ya Panoram, projekta ilirusha picha kwenye vioo kabla haijafika kwenye kiwambo, na kioo hugeuza kushoto kuwa kulia. Ili mtazamaji aone sawa, nakala zilichapishwa zikiwa zimegeuzwa tayari. Mtu akiichukua nakala hiyo leo na kuiingiza kwenye kompyuta bila kuigeuza, bendi nzima inakuwa ya mashoto. Kuna na sababu ya siku hizi isiyopendeza: wanaopakia video za watu wengine huzigeuza, na mara nyingine huzipandisha sauti kidogo, ili zisinaswe na mitambo ya kulinda hakimiliki. Namna ya kujua ni nyepesi. Kwenye saksafoni mkono wa kushoto huwa juu na wa kulia chini, siku zote, hata kwa aliyezaliwa shoto. Pampu za tarumbeta hubonyezwa kwa mkono wa kulia. Mfuko wa juu wa koti la mwanamume uko kifuani kushoto. Ukiona vyote vimekwenda kinyume, picha imegeuzwa, na ukiiga mkono unaouona utakuwa unaiga mkono mwingine.

Sasa Charlie Parker mwenyewe. Hapa niseme bila kuzunguka: picha zake zenye sauti zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mbili ndizo zinazozunguka kila mahali. Ya kwanza ilipigwa mwaka 1950 kwenye studio ya mpiga picha Gjon Mili, kwa ajili ya mtayarishaji wa muziki Norman Granz. Yumo Parker, Coleman Hawkins, Hank Jones kwenye piano, Ray Brown kwenye besi na Buddy Rich kwenye drams. Inapendeza mno, hasa Parker anavyomtazama Hawkins akipiga na kutabasamu. Lakini ni pleibeki. Nadhani hiyo ndiyo iliyokutesa, kwa sababu majina mawili uliyoyataja yako humo pamoja. Ya pili ni ya televisheni, Februari 1952, Parker na mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie wakipiga "Hot House". Ile ilikwenda hewani moja kwa moja, na sauti ni ya mle mle studio. Kama unataka kuviona vidole vya Parker vikifanya kazi kwelikweli, anza na hiyo.

Pamoja na hayo, hata kwenye ile ya 1952 unaweza kuona vidole vimechelewa au vimetangulia, na hapa mkosaji wa kwanza yuko masikioni mwako. Visikizio vya Bluetooth huchelewesha sauti, kwa sababu lazima ifungwe, irushwe na ifunguliwe tena. Kwa vingi vya bei ya kawaida ucheleweshaji ni kati ya milisekunde 150 na 250. Programu nyingi za video hujitahidi kuisubirisha picha ili ilingane, ila si zote, na si kila mara. Kwa mtu anayetazama taarifa ya habari hilo si tatizo. Viwango vya kimataifa vya utangazaji vinakadiria kwamba mtazamaji huanza kugundua sauti ikichelewa kiasi cha milisekunde 125. Kwako wewe ni balaa. Fanya hesabu: wimbo wenye mapigo 200 kwa dakika, kila pigo ni milisekunde 300, na Parker anajaza nota mbili ndani ya kila pigo. Nota moja inadumu milisekunde 150. Sauti ikichelewa kiasi hicho, unaona kidole cha nota ya pili huku unasikia nota ya kwanza, na unakwenda hivyo kutoka mwanzo hadi mwisho wa solo. Hujakosea kutazama wala kusikiliza, umechomekewa nota moja katikati tu. Vua visikizio hivyo, tumia vya waya au spika ya simu, uone tofauti.

Tena filamu yenyewe ina mitego yake. Kwenye filamu ya milimita 16, sauti haikuchapishwa kando ya picha yake. Ilitangulizwa picha 26 mbele, kwa kuwa ndani ya projekta mahali pa kusoma sauti si mahali pa kuonesha picha. Fundi akiipitisha filamu ikalegea au ikakaza kuliko inavyotakiwa, sauti inateleza. Na hata ikiwa sawa kabisa, picha 24 kwa sekunde maana yake kila nota ile ya milisekunde 150 inapata picha tatu au nne, nyingine zikiwa na ukungu wa mwendo. Kwa hiyo kusoma vidole vya mtu anayekimbia kwenye video ya zamani ni kazi ambayo hata mwenye macho makali hafiki mbali. Nasema hivi ili uache kujilaumu.

Unapotaka kupima kama video inaaminika, usianze na vidole. Mtazame mpiga drams: fimbo ikigusa bati, je, mlio unatoka papo hapo? Kisha mtazame mpiga saksafoni kati ya sentensi na sentensi. Lazima avute pumzi. Akionekana anavuta pumzi huku saksafoni inaendelea kulia, hiyo ni pleibeki, funga mjadala.

Nije kwa rafiki yako wa kinanda, ambaye ana sikio zuri na nampongeza. Filamu huendeshwa picha 24 kwa sekunde. Televisheni za Ulaya, na za kwetu zilizofuata mfumo wa PAL, ziliendesha picha 25. Njia iliyozoeleka ya kuiingiza filamu kwenye televisheni za namna hiyo ilikuwa kuiendesha kwa 25 na kuiacha ikimbie kidogo. Filamu ya dakika 60 inaisha kwa dakika 57 na sekunde 36, na hakuna jicho linalolalamika. Sikio linalalamika, kwa sababu sauti ikikimbizwa inapanda. Kupanda kwenyewe ni karibu senti 71 za kimuziki, na nusu toni nzima, yaani hatua ya kutoka nota moja hadi ya jirani yake, ni senti 100. B flati yako imebebwa zaidi ya theluthi mbili ya safari ya kwenda B. Ndiyo maana rafiki yako hakusema "ni B", alisema "karibu na B". Alisikia sawasawa.

Mweleze achukue programu ya kupimia nota kwenye simu na kuisikilizisha nota ndefu za piano na besi sehemu tatu au nne za video. Zikiwa zote zimepanda kwa kiasi kilekile, ni kasi, si ala mbovu. Kurekebisha kunawezekana: toa sauti, iweke kwenye programu kama Audacity, ambayo ni ya bure, na upunguze kasi kwa asilimia 4 ukichagua njia inayoshusha kasi na sauti pamoja. Kile kitufe cha kupunguza mwendo kwenye simu hakitakusaidia hapa, kwa sababu kimeundwa kuichelewesha sauti bila kuishusha.

Na usifikiri rekodi za sauti peke yake zimesalimika. Albamu ya mpiga tarumbeta Miles Davis ya mwaka 1959, Kind of Blue, iliuzwa kwa zaidi ya miaka 30 ikiwa na nyimbo tatu za upande wa kwanza zilizopanda kidogo, kwa sababu mashine iliyorekodi haikuwa kwenye kasi sahihi. Ilirekebishwa miaka ya 1990. Wanafunzi wangapi duniani walijifunza "So What" wakiwa wanasukuma ndani vinywa vya ala zao ili wafikie sauti ambayo bendi haikuipiga? Kuna video ya wimbo huohuo, ya televisheni, iliyorekodiwa tarehe 2 Aprili 1959, John Coltrane akiwa kwenye tenor, saksafoni kubwa kuliko alto. Itafute. Vidole na sauti ni vya mahali pamoja.

Hapo kwenye tenor nikae kidogo, maana ninahisi ndiko "nota nyingine kabisa" inakotoka. Wewe unapiga alto. Hawkins ni wa tenor, Coltrane kwenye video ile ni wa tenor, Lester Young ni wa tenor. Vidole ni vilevile, sauti sivyo. Ukibonya vidole vya G kwenye alto, kinanda cha rafiki yako kitaiita B flati. Hawkins akibonya vidole hivyohivyo vya G kwenye tenor, kinanda kitaiita F. Kwa hiyo ukimwiga Hawkins kidole kwa kidole, bila kosa hata moja, utatoka nusu toni tano juu yake, na utaamini umekosea. Tofautisha ala kwa shingo: ya alto ni fupi na ina kona moja, ya tenor ina mkunjo wa ziada, na kiwiliwili chake ni kikubwa zaidi. Ongeza na hili: nota moja ya saksafoni inaweza kupigwa kwa vidole zaidi ya namna moja. B flati tu ina njia tatu za kawaida. Lester Young alizitumia njia hizo makusudi, akirudia nota ileile kwa vidole tofauti ili rangi ya sauti ibadilike. Ukiona kidole kimehama na nota haijahama, si lazima kuna uongo.

Sasa ufanyeje? Endelea kutazama, lakini badilisha unachokitafuta. Video ni mwalimu mzuri wa kusimama, wa mabega yaliyolegea, wa jinsi vidole vinavyokaa karibu na vitufe bila kurukaruka, wa wapi mtu anavuta pumzi, wa namna wapigaji wanavyotazamana kabla ya kupokezana. Hayo hata pleibeki inayaonesha vizuri. Nota zitafute kwa sikio. Chukua sentensi moja fupi, isikilize mpaka uweze kuiimba bila simu, ndipo ushike saksafoni. Ni kazi ya polepole na siku za mwanzo inachosha, sitakudanganya. Lakini nota uliyoiimba huwezi kuipoteza. Ukitaka kuona vidole lazima, chagua wimbo wa taratibu uliopigwa moja kwa moja. Mimi huwapeleka wanafunzi kwa mwimbaji Billie Holiday na "Fine and Mellow" kwenye kipindi cha The Sound of Jazz cha televisheni ya Marekani, tarehe 8 Desemba 1957: blues ya polepole, kamera iko karibu, na Young, Hawkins na Ben Webster wanapokezana solo. Angalizo moja: albamu yenye jina la kipindi kile ilirekodiwa siku nne kabla, kwa hiyo solo za albamu si zile za video. Usizichanganye.

Wazee wa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz kule Tanga hawakuwa na kioo cha kutazama vidole vya mtu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Walikuwa na redio, santuri, zikiwemo zile za Kikuba zilizozagaa pwani yote, na mtu wa kumuuliza. Ndiyo maana ukizitafuta bendi hizo leo unakuta picha moja ya mnato na sauti juu yake. Usizidharau video za namna hiyo. Kwa zoezi ninalokupa ndizo bora, hakuna kitu cha kulipotosha jicho.

Mtu wa kumuuliza unaye, na uko karibu naye kuliko wengi wanaoniandikia. TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iko hapohapo mjini, na wanafundisha muziki. Hata kama huwezi kujiunga na kozi, nenda uombe mwalimu wa ala za kupuliza akusikilize kwa nusu saa. Mambo mawili simu haitakuambia kamwe: kama unauma kinywa cha ala kupita kiasi, na kama saksafoni yenyewe inavuja. Hewa ya chumvi na unyevu wa pwani huchosha vile vifuniko vya ngozi vinavyoziba matundu. Kifuniko cha G shapu ni maarufu kwa kunata, na kikinata, unabonya sawa na inatoka G ya kawaida. Nota za chini zikigoma au zikiruka oktava juu, shuku uvujaji kabla hujashuku kipaji chako, na umpe fundi wa ala aangalie. Usimimine mafuta wala gundi wewe mwenyewe.

Kidole gumba sasa. Sidhani ni kuiga vibaya. Alto ina uzito wa kilo mbili na nusu hivi, na uzito huo unatakiwa ubebwe na mkanda wa shingoni. Gumba la kulia linaisukuma tu ala mbele kidogo. Wengi hulegeza mkanda, halafu gumba linageuka kuwa kulabu. Kaza mkanda mpaka kinywa cha ala kikujie mdomoni bila wewe kuinamisha kichwa, angalia ndoano ya gumba imekukaa kwenye ubavu wa kidole karibu na ukucha, si kwenye kifundo, na upumzike dakika chache kila robo saa. Pumzika kabisa siku kadhaa kwanza. Maumivu yakipungua, endelea hivyo. Ila kama yanakuamsha usiku, kama kidole kinakufa ganzi, kama kiganja kinashindwa kufungua chupa, au kama kuna uvimbe upande wa gumba kwenye kifundo cha mkono, usisubiri na usipake dawa za kuchua huku ukiendelea kupiga harusi. Nenda hospitali ya wilaya, uombe kuonwa pia na mtu wa mazoezi ya viungo kama yupo. Beba saksafoni na mkanda wake, uwaoneshe hasa unavyoishika.